"International" Maana Yake Kiingereza

Umeliona lile bango kwenye simu yako. Mume na mke bega kwa bega, tabasamu la meno yote, nyuma yao mnara wa mji fulani wa Ulaya, na jina la kanisa jipya linaloishia na International. Wametoka Nairobi, wanaenda kupanda kanisa Berlin. Chini kabisa kuna nambari ya paybill. Na sisi huku tunapiga makofi: Wazungu walituletea Injili, sasa tunawarudishia!

Mimi sipigi makofi. Sina ugomvi na Injili, wala na hao wawili kupanda ndege. Ugomvi wangu ni na hilo neno la mwisho kwenye jina.

Ukilikamua, linatoa tone moja tu: Kiingereza. Mji ni wa Wajerumani, ibada ni ya Kiingereza, mara nyingi alasiri, kwenye ukumbi wa kukodisha. Wanaokuja ni Wakenya, Wanigeria, Waghana, na Mzungu mmoja mmoja aliyeoa kwetu. Jirani anayeishi mkabala anasikia ngoma tu. Halafu ripoti inatumwa nyumbani kwamba Ulaya inaokoka. Ulaya gani hiyo?

Kuna wawili wengine walioenda mji wa kigeni. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine walifika Mombasa. Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza. Julai mwaka huohuo Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kufikia hapo mume alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sarufi yake ilichapishwa 1850, na kamusi ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wachache mno. Yaliyokuja nyuma ya misheni tunayajua, na simsafishi mtu hapa, lakini hakungoja Wamijikenda wajifunze Kijerumani ndipo aongee nao. (Na tuseme ukweli, jina la mke limebaki kwenye kaburi, la mume kwenye vitabu. Hata leo bangoni wako wawili, lakini anayeitwa kuhubiri ni yuleyule.)

Ukisema huo ni mfano wa kale, twende Kyiv. Sunday Adelaja, Mnigeria, alienda Belarus kusoma uandishi wa habari wakati Muungano wa Kisovieti ungali hai. Mwaka 1994 akaanzisha kanisa Kyiv. Alihubiri kwa Kirusi, akaanza na walevi na watu wa dawa za kulevya waliokuwa wametupwa, na walio wengi kanisani mwake walikuwa wenyeji. Yaliyompata baadaye ni hadithi nyingine, na si nzuri. Ila Mwafrika alisimama mbele ya maelfu ya watu wa Ukraine wakamwelewa, kwa sababu alikuwa amekaa chini akajifunza lugha.

Sasa linganisha na hii. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na madarasa ya Kijerumani Nairobi yamejaa vijana wanaokariri der, die, das usiku baada ya kazi. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kule kwa kawaida hudaiwa kiwango cha B2. Yaani kumgeuza mzee kitandani kunahitaji Kijerumani, lakini kuokoa roho yake, Kiingereza kinatosha?

Utaniambia hao wauguzi ni wapweke, kuna baridi, kuna zamu za usiku, wanahitaji mahali pa kuimba na kulia. Kweli kabisa. Basi liitwe Kanisa la Wakenya Berlin, lihubiri Kiswahili, pilau lipikwe baada ya ibada, na mtu asione haya. Wauguzi na wachimba migodi wa Korea Kusini waliokwenda Ujerumani miaka ya 1960 na 1970 walianzisha makanisa yao, wakaimba Kikorea. Lakini hili letu halimfuati Mjerumani kwa lugha yake, na Mkenya naye analetewa Kiswahili cha pambio moja, kama dhania juu ya sahani.

Watoto ndio huniuma. Wiki nzima shuleni ni Kijerumani, nyumbani Kikuyu au Kiswahili cha mama akiwa amechoka, halafu Jumapili Mungu anakuja kwa Kiingereza. Wakifika miaka 16 wakaacha kuja, mchungaji atasema ni roho ya Ulaya imewaingia.

Tabia hii haikuanzia uwanja wa ndege, lakini. Wamelelewa katika yale makanisa makubwa ya Nairobi ambako mahubiri ni Kiingereza chenye lafudhi ya runinga ya Kimarekani, na Kiswahili ni cha kuongea na mlinzi anayekuonyesha pa kuegesha gari. Walichobeba kwenye sanduku ni kile walichofundishwa, kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya watu wote, na asiyekijua atakuja baadaye.

Kwa hivyo ndugu zangu wa bangoni, mchungaji na mama mchungaji, kabla sijagusa hiyo paybill nina swali moja tu: Kijerumani chenu kimefika wapi? Mkiniambia mko B1, nitatuma. Kidogo, lakini nitatuma.