Skana ya Mshairi Haipimwi kwa Tarakimu

Wauzaji hutunadia skana bapa kwa tarakimu: nukta 4800 kwa inchi! Mwenye miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu asihadaike. Nukta 300 zatosha maandishi ya kawaida, 600 yaliyo madogo. Cha kuulizia ni kihisi. Skana nyembamba za bei nafuu aghalabu zina kihisi cha CIS, kisichoona vyema kilichoinuka juu ya kioo hata milimita chache. Mkunjo wa daftari lililoshonwa hutoka na ukungu, na humo ndimo nukta moja ya “be” na mbili za “te” hupotea, neno likageuka. Kihisi cha CCD huona kina zaidi, japo mashine yake ni nene na ghali. Naichagua hiyo, kuliko kulikandamiza daftari kuukuu kiooni hadi uzi ukatike.