Onyesha Dakika

Ndugu zangu wa kundi, na nyinyi wa mashirika mnaotusomaga kimya kimya,

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu kumi na moja kwenye kile chumba nyuma ya duka, hapa Sonatubes. Laptop moja, intaneti ya kuchangishana. Tulikuwa tunaangalia katuni, na mnajua vile tunaangaliaga: hadithi tunaijua kwa kichwa, sisi tunatafuta vitu vya nyuma. Kibao cha gari kimeandikwa nini? Ile picha ukutani ni ya nani? Rudisha! Simamisha hapo hapo!

Mgeni wetu, mwezeshaji wa shirika ambalo silitaji, akaangalia saa yake, akasema kwa upole kabisa: "Vijana, nyinyi ni watu wazima. Katuni ni za watoto. Muda huu tungeutumia kwa fikra tunduizi."

Tulinyamaza, maana mgeni ni mgeni. Lakini huku kwenye ukurasa wetu mimi sinyamazi. Ile kazi aliyoikatiza ndiyo fikra tunduizi yenyewe, na tuliianza kabla hajafika na slaidi zake.

Tuanze na jambo lisilo na ubishi. Kamera ya sinema inaweza kunasa mbwa aliyejipitia tu. Kwenye katuni hakuna anayejipitia. Kila kikombe, kila jani, kuna mtu alikaa akakichora. Ndiyo maana namba A113 inarudi rudi. Kwenye Toy Story ya 1995 ni kibao cha gari la mama yake Andy. Kwenye Finding Nemo ya 2003 iko juu ya kamera ya mzamiaji. Ni namba ya darasa la chuo kimoja cha California walikosomea wachoraji wengi wa filamu hizo. Walitawanyika kikazi, wakaendelea kusalimiana kwa namba ya chumba.

Nani ataelewa salamu hiyo kutushinda sisi? Kambi ya Gihembe ilifungwa 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Nina rafiki ambaye mpaka leo, kila akinunua daftari jipya, anaandika nyuma namba ya nyumba yao ya Gihembe. Nyumba yenyewe haipo. Mtu akiliokota daftari lile ataona tarakimu tu. Sisi tunaona A113.

Sasa The Lion King, ambayo tumeishindana mpaka mwenye duka akatuzimia taa. Watu wa mbali walihitaji kuelezwa Rafiki anaimba nini, sisi tulishacheka zamani. Lakini kucheka hakukutosha. Dada mmoja wa kundi alisimamisha picha pale Mufasa anapomwonyesha mwanawe nchi yao, akauliza: "Kwa nini jua linaishia mpakani?"

Angalieni wenyewe. Upande wa simba kuna mwanga na majani. Upande wa pili ni kijivu, mifupa ya tembo, na fisi wenye njaa. Mmoja wa fisi hao anaitwa Shenzi. Mtoto wa Chicago anasikia jina tu. Sisi tunasikia tusi ambalo wengine wetu tumeshatupiwa kwenye foleni ya maji. Simba naye anakimbia nchi yake, anavuka jangwa, anaokotwa na wageni, anafundishwa kula wadudu na kuambiwa asahau ya nyuma. Mwana wa mfalme akikimbia, sinema nzima inalia. Fisi wakivuka mpaka, sinema nzima inaogopa. Hilo tuliliona kwenye katuni, bila semina.

Filamu hiyo ilitoka Juni 1994. Anayeishi Kigali hahitaji kuelezwa mwezi ule hapa ulikuwa mwezi gani. Hata hapa tunapokaa pana nyuma yake. Wengi wanapita Sonatubes wakiwahi basi la Nyamata bila kujua kwamba jina ni la kiwanda. Tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ETO Kicukiro. Watutsi waliokuwa wamekimbilia kwao wakazuiwa karibu na kiwanda hicho, wakapelekwa kwa miguu mpaka Nyanza, wakauawa. Silinganishi katuni na hayo, Mungu anisamehe kama nimesikika hivyo. Nasema tu kwamba jicho linaloishia mbele ya picha, hapa linaona magari na moto zinazopita, basi.

Najua jibu lenu: "Lakini mashabiki wanabuni!" Ndiyo, wanabuni, tena sana. Mwaka 2013 Mmarekani Jon Negroni alitoa nadharia kwamba filamu zote za Pixar ni dunia moja. Ndani yake, yule mchawi mzee wa Brave ndiye Boo, kale katoto ka Monsters, Inc. Ushahidi? Kwenye nyumba ya mchawi kuna kibao kimechongwa umbo linalofanana na Sulley. Kibao kipo, nimekiona. Lakini kutoka kibao mpaka Boo ni safari ndefu, na inawezekana mchoraji alikuwa anatania wenzake tu.

Kwa hiyo sisi tuna sheria moja. Ukisema umeona kitu, onyesha dakika. Kama dakika ipo, tunaandika "tumeona". Kama haipo, tunaandika "tunakisia", na hakuna anayekasirika. Kwamba rangi inabadilika mpakani, tumeona. Kwamba wachoraji walituwaza sisi, tunakisia. Mistari miwili kwenye daftari, haichanganywi.

Na sheria hii siyo ya katuni peke yake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, mnakumbuka simu zetu? Kila usiku sauti mpya: imefunguliwa, majina yametoka, kuna mtu kaona. Jirani yetu aliuza kitanda na jiko la gesi kwa sababu mtu fulani aliona basi jeupe limeegeshwa asubuhi. Lile basi lilikuwa la harusi. Jirani alilala chini miezi mitatu. Siku ile hakuna aliyemuuliza mleta habari: umeona nini hasa, wapi, saa ngapi? Aliona basi. Marekani aliikisia. Siku hizi wadogo zetu wakileta uvumi nyumbani, kuna anayejibu palepale: "Onyesha dakika." Semina gani imetupa hicho?

Na nyinyi wa mashirika, mnisamehe, sasa ni zamu yenu. Mwaka jana tulionyeshwa video ya katuni kuhusu mkimbizi, ya kuwapelekea wafadhili. Tukaiangalia kama tunavyoangaliaga. Mahema meupe kwenye tambarare, na ule mti wa mwavuli. Kiziba iko juu ya kilima, na nyumba zake ni za udongo. Bomba la maji halina foleni, hata dumu moja la njano halisubiri. Mama anakimbia vita na mtoto mgongoni na furushi kichwani, lakini hana bahasha ya makaratasi. Bandugu, nani kati yetu alikimbia bila makaratasi kama alikuwa nayo? Kwetu ile bahasha ya plastiki ilitangulia hata sufuria. Yule dada wa jua akasema neno ambalo sitalisahau: "Huyu mama hajakimbia. Huyu anasafiri."

Tulipopeleka maoni hayo tukajibiwa kwamba ni vitu vidogo, na wafadhili hawaviangalii. Hapo ndipo roho iliniuma. Kwenye katuni ya samaki, mtu alihangaika kuandika namba ya darasa lake juu ya kamera. Kwenye katuni ya maisha yetu, hakuna aliyehangaika kuuliza nyumba zetu zimejengwa kwa nini.

Inawezekana kufanya vingine. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alitengeneza Kinshasa, septembre noir mwaka 1992 kutokana na michoro ya watoto, kuhusu uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Waliouona uporaji ndio waliochora nyuma ya picha.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kutoa video au bango linalotuhusu, leteni hapa Sonatubes Jumamosi moja, likiwa bado linaweza kurekebishwa. Hatudai posho ya usafiri. Tutasimamisha, tutarudisha nyuma, na tutawapa karatasi yenye sehemu mbili: tumeona, tunakisia.

Na wewe kijana mwenzangu, ukicheka kwamba tunapoteza muda na katuni, njoo na filamu yako. Njoo na dakika pia.