Tujifunze Sayansi: Kwa Nini Punda Ana Ukwato Mmoja?

Itazame miguu ya wanyama wa kijijini kwako. Mbwa ana vidole vyenye kucha. Ng'ombe na mbuzi wana kwato zilizopasuka katikati. Punda ana ukwato mmoja mzima katika kila mguu. Wanyama hawa wote wanatembea juu ya ardhi moja. Kwa nini basi miguu yao ni tofauti?

Ukwato ni kucha

Simama wima. Sasa inua visigino vyako, usimame kwa ncha za vidole. Hivyo ndivyo ng'ombe na punda wanavyosimama maisha yao yote. Ng'ombe husimama juu ya ncha za vidole viwili. Punda husimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu, kile cha kati. Ukwato ni kucha nene inayofunika ncha hiyo. Kama kucha yako, ukwato hukua kila siku.

Tazama pia mguu wa nyuma wa ng'ombe. Kile kifundo kilichochongoka kwa nyuma si goti. Ni kisigino chake, kiko juu mbali na ardhi.

Mguu mwepesi huokoa maisha

Fanya jaribio hili. Chukua fimbo, funga jiwe kwenye ncha yake, kisha ipunge. Utachoka upesi. Sasa lisogeze jiwe karibu na mkono wako, upunge tena. Utaona ni rahisi zaidi.

Mguu wa mnyama wa mbio uko hivyo. Ukichinja mbuzi, nyama nyingi unaipata pajani. Chini kuna mifupa, kano na ngozi. Uzito uko juu, na ncha ni nyepesi. Vidole vikiwa vichache, mguu huwa mwepesi zaidi.

Mambo haya hayakutokea kwa siku moja. Wataalamu wamechimba mifupa ya wanyama wa kale wa ukoo wa farasi, punda na punda milia. Mifupa mingine, iliyopatikana Amerika ya Kaskazini, ina umri wa miaka zaidi ya milioni 50. Mnyama huyo alikuwa mdogo kama mbwa. Alikuwa na vidole vinne katika kila mguu wa mbele, na vitatu katika kila mguu wa nyuma. Aliishi msituni na kula majani laini ya miti.

Baadaye misitu ilipungua na mbuga za nyasi zikaenea. Mbugani hakuna pa kujificha. Adui akija, ni mbio tu. Wanyama waliozaliwa na miguu mirefu na myepesi kuliko wenzao waliponyoka mara nyingi zaidi. Hao ndio waliozaa, na watoto wao wakarithi miguu hiyo. Ikawa hivyo kizazi baada ya kizazi. Hakuna mnyama aliyeamua kubadilika.

Ushahidi uko hata hapa Tanzania. Mwaka 1978, huko Laetoli karibu na Ngorongoro, wataalamu walioongozwa na Mary Leakey walianza kufukua nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu wa kale. Nyayo hizo zilikuwa katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Zina umri wa miaka zaidi ya milioni 3 na nusu. Mahali hapo hapo kuna nyayo za mnyama wa ukoo wa punda aliyekuwa na vidole vitatu.

Sisi tumebadilisha maisha ya punda

Ndugu msomaji, jambo hili linakuhusu. Punda wetu asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika. Huko alitembea mchana kutwa juu ya mawe. Mawe yalikuwa tupa yake: yalipunguza ukwato kadiri ulivyokua.

Leo tunamfunga zizini, penye matope na samadi. Ukwato unalowa na kuwa laini, vijidudu vinaingia, unaoza. Au unarefuka mpaka unajipinda, na punda anachechemea. Bado tunampakia maji na magunia ya mahindi, na tukimwona anasita tunamchapa. Tunasema ni mvivu, kumbe anaumwa.

Kazi iliyofanywa na mawe sasa ni kazi yako:

1. Kagua kwato za punda kila siku. Toa mawe na matope yaliyonasa.
2. Weka zizi mahali pakavu. Ondoa samadi mara kwa mara.
3. Kwato zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Ndani ya ukwato kuna nyama hai yenye damu, kwa hiyo mwombe bwana mifugo akufundishe kwanza.
4. Punda akichechemea, usimpakie mzigo. Mwite bwana mifugo.

Ng'ombe na mbuzi wanaofungwa zizini kutwa nzima nao wakaguliwe kwato. Maksai mwenye kwato mbovu hawezi kuvuta plau, na mvua haimsubiri apone.

Maswali ya kujadiliana na wenzako

1. Ng'ombe anatembea juu ya vidole vingapi katika kila mguu?
2. Kwa nini mguu mwepesi unamfaa mnyama wa mbugani?
3. Mazizi ya kijijini kwetu ni makavu? Tufanye nini kabla ya masika?