Joka Linajua Idadi ya Sarafu Zake



Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona na kitabu kizito amekifunga ndani ya leso. Akakiweka mezani kama mtu anayetua nyoka. "Pasta, nimekitoa chini ya godoro la kijana wangu. Kina majoka mwanzo hadi mwisho. Kiombee, halafu tukichome."

Kilikuwa Monster Manual, toleo la 2014, kitabu cha mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Mjomba wa kijana alikuwa amemtumia kutoka Marekani. Nikamwambia, "Mama, niachie wiki moja. Siwezi kuchoma kitu ambacho sijasoma." Hakufurahi, lakini aliniachia. Siku mbili baadaye kijana mwenyewe akaniletea cha pili, Player's Handbook. "Pasta, kama unasoma, soma na hiki, ndicho kinaeleza wachezaji." Nimevisoma. Leo nakuambia nilichokipata.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanaketi mezani na karatasi, penseli na dadu, hasa ile ya pande 20. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anachukua mhusika wake. Msimulizi anasema, mmefika mlangoni mwa pango, mnafanya nini? Wanashauriana, wanaamua, kisha dadu inaonyesha kama wamefaulu. Ni ngano, wapendwa, kama zile za nyanya jikoni, ila hapa msikilizaji anaingia ndani ya hadithi.

Miaka ya 1980 Wakristo wengi Marekani waliupiga vita mchezo huu. Mwaka 1984 Jack Chick alichapisha kijitabu cha katuni kikionya kwamba unawaingiza vijana katika uchawi. Sisi wahubiri wa huku tulirithi hofu hiyo bila kufungua kitabu. Mimi ni mmoja wao. Nilishawahi kuupinga mimbarani kwa sababu ya neno "majoka" tu.

Sasa sikiliza habari za hayo majoka. Kitabu kinayagawa makundi mawili. Yako ya rangi, yaani jekundu, la bluu, la kijani, jeusi na jeupe, na hayo ni maovu. Yako ya madini, yaani dhahabu, fedha na aina tatu za shaba, na hayo ni mema. Malkia wa majoka maovu ana vichwa vitano na jina lake ni Tiamat. Niliposoma jina hilo nilikumbuka chuo cha Biblia. Tiamat ni bahari ya ghasia katika hadithi za kale za Babeli, aliyeuawa na Marduk vitani. Mwalimu wetu alikuwa akituonyesha tofauti yake na Mwanzo 1: Mungu wetu hapigani na vilindi, anasema tu na inakuwa.

Lakini lililonikamata ni joka jekundu. Linakaa ndani ya mlima, limelala juu ya dhahabu. Kitabu kinaeleza kwamba linajua thamani ya kila kitu katika hazina yake na mahali kilipo. Sarafu moja ikikosekana linaweza kugundua, na hasira yake inawaka. Halinunui chochote. Haliendi sokoni. Halimlishi mtu. Linalala na kuhesabu.

Upande wa pili kuna vibete. Hapa simaanishi ndugu zetu wa kimo kifupi, ambao ni mfano wa Mungu kama mimi na wewe. Ni kabila la ngano, wafupi na wenye ndevu, wanaoishi wastani wa miaka 350. Wanachimba madini chini ya milima na kufua chuma. Wanasimulia kwamba waliumbwa na mungu mhunzi anayeitwa Moradin. Nilimwambia kijana wazi kwamba hapo mimi na kitabu tunaachana, maana Muumba ni mmoja. Lakini kazi yao naiona katika Biblia yangu. Ayubu 28 inamsifu mchimbaji anayetoboa giza kutafuta mawe. Na katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba na kuchonga mawe. Kumbe karakana nayo inaweza kuwa mahali pa Roho Mtakatifu.

Basi joka na kibete wote wanapenda dhahabu. Tofauti ni kwamba mmoja anaifanyia kazi na mwingine anailalia. Lakini kitabu kinaongeza neno la kutisha: kwa baadhi ya vibete, upendo huo wa vitu vizuri huoza ukawa uchoyo. Tolkien, ambaye alikuwa Mkristo Mkatoliki, aliliandika hilo mapema katika The Hobbit mwaka 1937. Joka Smaug linauawa, vibete wanarudishiwa mlima wao, halafu mfalme wao Thorin anakataa kuwagawia watu ambao joka liliwachomea mji. Joka limekufa, ugonjwa wake umebaki.

Mpendwa, hapo ndipo nilifunga kitabu.

Maana katika Luka 15 kuna wengine wanaogundua kimoja kikipotea. Mwanamke mwenye sarafu kumi anawasha taa na kufagia. Mchungaji mwenye kondoo mia anaacha tisini na tisa. Joka nalo lina jicho hilohilo la kuona kilichopungua, lakini lenyewe likikosa kimoja linachoma. Mchungaji akikosa mmoja anatoka kutafuta.

Kijana alipokuja kuchukua vitabu vyake nilimuuliza kwa nini alificha kile cha kwanza. Akasema, "Pasta, sijaja ibada ya vijana tangu Februari. Ulijua?"

Sikujua. Tulikuwa mwezi wa tano.

Lakini Februari hiyohiyo sadaka ya Jumapili moja ilipungua shilingi 1,200 katika hesabu ya mabati ya paa, na nilimpigia mweka hazina saa nne usiku. Sikulala mpaka ilipopatikana. Kijana alipotea miezi mitatu, na mimi nililala vizuri.

Nikamuuliza anapata nini pale mezani kwa wenzake. Akajibu, "Kila mtu ana zamu yake ya kusema, na wengine wanangoja amalize."

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtakubaliana nami. Tusichome vitabu vya watoto ambavyo hatujasoma. Katika Matendo 19 waliochoma vitabu vya uchawi walivileta wenyewe, baada ya kuamini. Hakuna aliyeinua godoro la mtu. Mtoto akianza kutafuta uchawi wa kweli, Kumbukumbu la Torati 18 iko wazi, na nitasimama hapo. Lakini hadithi ya joka soma naye, muulize maswali, mwonyeshe Bezaleli. Joka linalonitia hofu zaidi sikulikuta chini ya godoro. Nililikuta katika daftari langu la hesabu.

Vitabu nilivirudisha kwa mama, kwa sababu yeye ndiye mzazi. Nilimwomba kitu kimoja tu, akae nao Jumamosi moja wakicheza. Alikaa kwenye kona, Biblia mapajani, akiitazama ile dadu kwa jicho kali. Baada ya saa nzima akauliza, "Na hilo joka, likilala hapo miaka yote, linakula nini?" Vijana wakacheka, wakamvutia kiti karibu.

Jiulize leo: ni kitu gani kikikosekana kwako utagundua kabla ya jua kuzama? Na ni nani akikosekana utachukua miezi mitatu?

Tuombe. Baba, nisamehe kwa kuhesabu sarafu nikasahau watu. Nipe mikono ya Bezaleli na macho ya mchungaji. Mwana wa mtu aliyepotea karibu nami, nionyeshe jina lake leo, nami nitoke nimtafute. Katika jina la Yesu. Amina.

Ukimaliza kusoma, usianze na kuandika Amina. Mpigie kwanza yule ambaye hujamwona.