Paka Wako na Maji Asiyoyaomba

Apitaye Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja wakati wavuvi wanapopara samaki huwakuta paka wamekaa kungojea matumbo na vichwa, na aghalabu husikia watu wakisema kuwa mnyama huyu hana taabu, maana hujitafutia riziki yake. Kauli hiyo yaweza kumfaa paka wa mtaani, lakini yule tuliyemfungia katika nyumba yenye madirisha ya nyavu, asiyepata hata mjusi wa kumkamata, riziki yake imo mikononi mwetu, na mwanamke yule aliyetajwa katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuwa aliadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa hilo hasa: hakumlisha, wala hakumwacha ajilie viumbe wa ardhini.

Basi kumlisha si kumshibisha tu. Asili ya paka ni paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, aliyezoea kupata maji katika nyama ya windo lake, kwani mwili wa panya ni maji kiasi cha asilimia 70. Kwa hiyo figo zake ni hodari wa kubana maji hata mkojo ukawa mzito, na kiu yake ni haba. Mnyama wa namna hiyo ukimpa chakula kikavu cha dukani peke yake, ambacho maji yake ni kama asilimia 10 tu, hatakimbilia bakuli kufidia upungufu wote. Sidai kuwa chakula hicho ndicho kiletacho maradhi ya figo, maana uzee na nasaba vina sehemu yao na matabibu wangali wakihojiana. Lakini kumnyima maji kiumbe asiyejua kuyaomba si ihsani.

Na maradhi haya ni hodari wa kujificha. Zaweza kupotea theluthi mbili za uwezo wa figo kabla mkojo haujaanza kuwa mwepesi, na hapo mwenye paka humwona mzee wake anakunywa sana, mchanga wa choo chake unalowa kila asubuhi, akafurahi kuwa ana afya, ilhali mgongo umekwisha kuonyesha mifupa na kinywa kinanuka vibaya.

Wako watakaosema: watu wenyewe nyama hawaipati, seuze paka? Nami nitawajibu kuwa siombi minofu. Chemsha vichwa vya samaki bila chumvi wala kitunguu, uondoe mifupa, umpe nyama pamoja na maji yake yakiwa vuguvugu. Wali na ugali havina taurini, ambayo paka akiikosa hupofuka na moyo wake hudhoofika; ng'onda imekolea chumvi; na mchuzi uliobaki, kwa vitunguu vyake maji na thomu, humharibia damu.

Aliyekwisha kuugua figo ana hukumu nyingine, kwa kuwa fosforasi, ambayo imo kwa wingi katika mifupa, humwongezea mzigo, na chakula chake yafaa kipangwe na mjuzi. Paka akipindukia miaka 7, mpeleke kila mwaka kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo, wala usione haya kumkuta daktari huyo amezungukwa na watu waliokuja na mbuzi.