Mbolea Iliyokimbilia Mtoni

Mtu wa Kibondo au Kasulu akisikia habari za maji kugeuka kijani, huona hayo ni mambo ya Ziwa Victoria. Hakosei sana. Ni Ghuba ya Winam, kule Kisumu, ambako utando mzito hutanda mara kwa mara na kuwasumbua wavuvi na wasafisha maji. Mto wetu wa Malagarasi una rangi ya udongo tu.

Udongo huo ndio hoja ya toleo hili.

Fosforasi, chakula kikuu cha bakteria wa kijani-buluu wanaofanya utando huo, hung'ang'ania chembe za udongo. Mteremko wa Heru Juu ukilimwa bila matuta ya kukinga maji, mvua za mwanzo huteremsha bondeni udongo pamoja na mbolea ya kupandia ambayo mkulima ameinunua kwa shida. Ongeza samadi na maji ya vyoo. Kiangazi kikifika, maji yametulia lamboni na jua linawaka, bakteria hao huzaana kwa siku chache tu. Wakifa, uozo wao humaliza oksijeni na samaki huelea.

Kwa sasa mafunjo yanatusitiri. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2000, ina zaidi ya hekta milioni 3 na huchuja mengi. Lakini ardhioevu nayo huelemewa: samaki walipokufa kwenye ardhioevu ya Mto Mara Machi 2022, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mikojo ya mifugo. Wengi walibisha, na walikuwa na haki ya kudai vipimo zaidi.

Wengine hutegemea kuchemsha maji. Moto huua vimelea vya kipindupindu, ila maikrosistini, sumu ya bakteria hao wa kijani-buluu inayoshambulia ini, hubaki ndani ya sufuria. Afadhali kijiti: kichovye lamboni. Kikitoka na nyuzi ndefu, huo huenda ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimepakwa rangi ya mafuta, ng'ombe waondolewe na ndoo zielekee kisimani.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa mto. Bustani nyingi za bondeni zimo humo humo, na kuwafukuza wenye bustani bila kuwapa pengine pa kulima ni kuwaonea. Kinachodaiwa hapa kwa Wakala wa Maji Vijijini (RUWASA) na halmashauri za Kibondo na Kasulu ni kidogo: malambo yapimwe fosforasi Agosti na Septemba, maji yakiwa yamepungua, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji.