Usukani Uliolegea na Somo la Fizikia

Gari linaloyumba barabarani lina ugonjwa, na ugonjwa huo una mahali pake. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kutafuta mahali hapo ni kazi ya kisayansi kamili, inayostahili nafasi katika shule zetu za sekondari. Na kwamba maadamu hatuifundishi, tunawaachia wengine walipe kwa maisha yao.

Nianze kwa kukiri aibu yangu mwenyewe. Siku moja pikapu yangu ilianza kutangatanga katika Barabara ya Kilwa, nikielekea Mbagala. Nilikuwa nimekwisha kurudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari. Hata hivyo nilikubali, bila ya kuuliza swali hata moja, shauri la gereji fulani kwamba sanduku la usukani limekwisha. Likabadilishwa kwa gharama kubwa, na gari likaendelea kuyumba vile vile.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi mmoja kijana wa Tandika, afanyaye kazi chini ya mwembe. Hakugusa spana. Alilala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akamwambia msaidizi wake autikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini. Akavishika viungo kwa vidole, kimoja baada ya kingine. Punde akasema, "Mwalimu, mwendo unaingia hapa, hautoki." Ilikuwa tairodi endi ya kushoto.

Utazame vema utaratibu huo. Katika pikapu za mtindo wa zamani, mwendo wa mkono wa dereva hupita katika mnyororo: usukani, nguzo yake, sanduku, mkono utokao sandukuni, fimbo ya kati, tairodi, na mwisho gurudumu. Kila kiungo hupokea mwendo na kuupitisha. Kile kinachopokea bila ya kupitisha ndicho kilicholika. Kisha fundi aliinua gurudumu kwa jeki, akaliegemeza gari juu ya stendi, akalitikisa gurudumu. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tairodi hushukiwa kwanza. Likicheza linaposhikwa juu na chini, shaka huangukia bolijointi au beringi. Breki ikikanyagwa na mchezo huo ukatoweka, mwenye kosa ni beringi. Huku si kubahatisha. Ni kuondoa uwezekano mmoja mmoja mpaka ubaki ule wa kweli, na hiyo ndiyo sayansi.

Je, ulegevu mdogo una madhara gani? Na tupige hesabu. Chukua usukani wenye nusukipenyo cha sm 20. Ukizunguka sm 7 kabla ya magurudumu kuitika, umezunguka digrii 20 bure. Ikiwa sanduku hupunguza mzunguko mara 20, basi magurudumu yana uhuru wa digrii 1 ambao dereva hawezi kuutawala. Mtu atasema kwamba digrii 1 si kitu. Lakini gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli zake mbili, magurudumu ya mbele yakigeuka digrii 1, hufuata duara lenye nusukipenyo cha mita 160. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, sekunde 1 yatosha kulitoa gari katika mstari wake kwa karibu sm 87. Mwendesha baiskeli aliye ukingoni mwa lami hana sm 87 za kutoa.

Hata hivyo, fundi wangu naye alikuwa na upungufu wake. Alishauri kiungo kile kigongwe na kuchomelewa ili "kibane". Desturi hiyo nailewa: mapema katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri vilikuwa haba, na kuchomelea kuliyaweka magari mengi barabarani. Lakini sababu ya kukataa ni ya kisayansi. Kichwa cha tairodi ni tufe la chuma kilichotiwa ugumu kwa joto maalumu. Moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo, na chuma kilicho jirani, kikipoa upesi, huweza kuwa chepesi kuvunjika. Nilipomweleza hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tununue mpya." Tukanunua.

Alipokuwa akifungua ile ya zamani alihesabu mizunguko yake, ili mpya irudi mahali pale pale. Na baada ya hapo tukapeleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu. Mpira wa kukinga vumbi wa ile ya zamani ulikuwa umepasuka. Mchanga wa barabara zetu ukiingia katika grisi huigeuza kuwa dawa ya kusagia chuma. Kwa hiyo mpira huo usiokuwa na bei kubwa ndio wa kukaguliwa mara kwa mara.

Yule kijana alikuwa na njia bila ya sababu. Mimi nilikuwa na sababu bila ya njia. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mambo hayo mawili yakae chini ya paa moja. Walimu wa fizikia wa Temeke, Kinondoni na kwingineko hawahitaji maabara ya fahari ili kuanza. Gari lililoegeshwa, rula na chaki vinatosha. Wanafunzi na wapime ulegevu wa usukani, wakitafute kiungo kilicholika, wapige hesabu niliyoionyesha hapa, kisha wamwalike fundi wa jirani asikilize na asikilizwe. Atakayejifunza hivyo hatakubali tena kubadilishiwa sanduku zima kwa kosa la kiungo kimoja.